Mfalme wa Shamba la Tumbaku

Mgeni angekunywa kahawa yake akenda zake, na leo Bi Hindu angekuwa shambani akivunja majani ya tumbaku. Lakini Bwana Madi, mumewe, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hawezi kumwona mgeni akiondoka mikono mitupu. Nyumbani mkiwa na tende, atampa tende. Mkiwa hamna, atampa maneno. Na asubuhi ile nyumbani hamkuwa na tende.

Mgeni mwenyewe alikuwa kijana wa bara, Ndirangu jina lake, mpole, mcheshi, kofia kichwani na simu kubwa mkononi. Alisema ametumwa na mradi wa serikali uitwao Jana Yetu. Mradi huo ulikuwa ukizunguka nchi nzima kukusanya historia za watu wa kawaida, zile ambazo hazijaandikwa popote: gari la kwanza lilishukia wapi, kisima cha kwanza kilichimbwa na nani, wazee walikula nini siku za njaa. Kule Shela walikuwa wameshapita. Sasa ilikuwa zamu ya Pate.

"Story za kawaida tu, mzee," alimwambia Bwana Madi. "Hatutaki vita na nini. Tunataka maisha."

"Maisha tunayo," akasema Bwana Madi, na kanzu yake ya Ijumaa alikuwa ameshaivaa ingawa siku ile ilikuwa Jumanne.

Akamchukua mgeni mpaka shambani. Pate ukisema shamba la tumbaku, usifikirie uwanja ulio wazi. Mji wa kale ulianguka zamani, paa zikashuka, kuta zikabaki zimesimama, na watu wakapanda tumbaku humo humo, kila mtu katika nyumba ya babu zake. Ukuta unazuia upepo, na udongo wa mle ndani ni mweusi na una rutuba kuliko wa nje. Hakuna mwenye cheti wala mpaka wa waya. Mtu akikuuliza unalima wapi, unajibu kwa jina la aliyekaa pale: kwa Fulani. Hili la kina Madi liliitwa kwa Abubakr, kwa jina la baba yake, ambaye aliilima tumbaku mle tangu ujana hadi alipolala asiamke.

Bi Hindu alifuata nyuma na dele la kahawa na vikombe. Mgeni alipiga picha kuta, akapiga picha zile tundu za mapambo ukutani, akapiga picha miche iliyokuwa bado haijafika hata magotini. Halafu akafika kwenye pembe ya mwisho, akachutama. Pale chini palikuwa na duara la chokaa lililokatwa vizuri, na katikati yake bakuli la Kichina limejengewa ndani, la rangi ya buluu, limepasuka lakini linang'aa.

"Wow! Mzee, na hii ni nini?"

Bi Hindu alijua ni nini. Bwana Madi naye alijua. Marehemu Abubakr, Mungu amrehemu, alikuwa akilisema waziwazi na kulicheka: pale palikuwa choo. Choo cha watu wenye nafasi zao, chenye birika la chokaa la mai ya kustanjia, ya kujisafishia baada ya haja, na hilo bakuli ndilo lililokuwa chini ya birika. "Mnafikiri tumbaku yangu yanawiri bure?" mzee alikuwa akiwaambia majirani wanaoionea wivu. "Babu zangu wameitilia mbolea tangu hamjazawa!"

Sasa umwambie mgeni, asubuhi asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba hapo alipochutama ni chooni? Bi Hindu alimwona mumewe akiitazama ile simu, na kile kinasa sauti kidogo alichobandikwa kwenye kanzu.

"Hapa," akasema Bwana Madi, na sauti yake ikawa nzito ghafla kama ya khatibu, "ndipo mfalme alipokuwa akipokea wageni wake."

Kikombe kilitaka kumponyoka Bi Hindu.

"Serious, mzee?"

"Wallahi. Babangu amenambia, na babake alimwambia. Mfalme yuwakaa hapa, na wajumbe wa nti za mbali wamekaa kule. Mgeni akifika hutiwa marashi kwenye bakuli hili, akaosha mikono. Naapa kwa Mola aliyeniumba."

Huku kwetu mke hamvunji mumewe mbele ya mgeni. Atasubiri mlango ufungwe, wabaki wawili, hapo amseme mpaka roho itulie. Ndivyo alivyolelewa Bi Hindu, na mamake vivyo hivyo. Basi akafanya alivyofunzwa: akainamisha kichwa akamimina kahawa. Mgeni akainywa, akaisifu, akaaga.

Waliporudi nyumbani, mlango ulipofungwa ndipo alipomgeukia.

"Mfalme gani, Madi?"

"Mfalme tu."

"Hana ina la kuitwa?"

"Ata hayo, Hindu. Mgeni amefurahi."

"Mgeni amechutama chooni akafurahi!"

Bwana Madi alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Akacheka, na Bi Hindu akacheka, mpaka Hayat, binti yao wa darasa la sita, akaja kuchungulia mlangoni kuna nini. Mama mtu akamwambia yote, kuanzia choo hadi marashi, na mtoto naye akashika mbavu. Walicheka sana siku ile.

Tumbaku ilikuwa imefika kiunoni watu wa mradi waliporudi. Safari hii Ndirangu hakuja peke yake. Alikuja na watu wa kupima, na vigingi, na kamba, na mkebe wa rangi nyekundu. Walipofika kwa Abubakr walikuwa wameshaweka alama kwenye ukuta kabla hawajabisha hodi kwa mtu.

"Mzee, hongera!" Ndirangu alimshika Bwana Madi mikono yote miwili. "Pahali penu pamechaguliwa. Kisiwa kizima, ni hapa tu. Wakubwa wameona video yako, wamependa mbaya!"

"Pamechaguliwa kufanywa nini?" Bi Hindu aliuliza.

"Pahali pa kumbukumbu, Bi. Tutaweka waya, tutaweka kibao kizuri, watu watakuja kutoka kila kona. Shule pia."

"Na tumbaku?"

Ndirangu aliitazama ile tumbaku kana kwamba ndiyo kwanza aione. Alikuwa kijana mwenye adabu, hilo lazima lisemwe. Alishusha sauti. "Hapo sasa, Bi, ndio kuna shida kidogo. Mimea ina mizizi. Mizizi inaharibu sakafu ya mfalme."

Bi Hindu alipiga hesabu moyoni. Bwana Madi alikuwa na goti lililovunjika zamani kwenye mashua, baharini hatoki tena. Hawana minazi wala duka. Hayat akila, akivaa, akenda shule, basi ni hii tumbaku, inayokatwa, ikaanikwa, ikasukwa, ikapelekwa Amu, Lamu mjini, kwa watafunaji wanaoijua na kuisubiri. Hakuna kitu kingine. Msimu ukipotea mmoja, mwaka umepotea, na hapa hawakuwa wakiambiwa habari za msimu mmoja.

"Tuwateni tuvune basi," akasema Bwana Madi. "Imebaki kidogo. Majani ya tini, karibu na ardhi, yameanza kuiva."

"Mzee, ningependa, lakini mheshimiwa ameshapewa tarehe ya uzinduzi." Ndirangu akageuza karatasi zake. "Mnacho cheti cha hili shamba? Mkiwa na cheti kuna fidia."

Walitazamana. Cheti cha choo cha babu yako utakipata wapi?

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, wenye mashamba ya pembeni, wengine wakimpa Bwana Madi pole, wengine wakificha kicheko kwenye vilemba vyao, maana kila mmoja wao alilijua lile duara. Hakuna aliyesema neno. Aliyesema "mfalme" ni Madi, na kama kuna wa kulisema lingine ni yeye.

Bi Hindu alimvuta mumewe nyuma ya ukuta.

"Mwambie."

"Nimwambie ni?"

"Mwambie palikuwa choo. Mwambie ulikuwa ukimfurahisha mgeni, basi. Hutokufa."

"Niliapa, Hindu."

"Najua. Nilikuwapo."

"Niliapa kwa ina la Mngu, na imo ndani ya simu. Leo nisimame mbele ya watu wote hawa niseme kiapo changu kilikuwa cha uongo? Nani atanisalimia msikitini?"

"Kiapo kina kafara. Walishe maskini kumi."

"Kwa kipi?"

"Basi funga siku tatu. Kwa ndaa inayotuyia, kufunga hakutakuwa kazi."

Bwana Madi alijifuta uso kwa pindo la kikoi, akatoka, akamwendea Ndirangu. Bi Hindu alibaki nyuma ya ukuta akisikiliza, mkono kifuani.

"Bwana Ndirangu. Yale maneno ya siku ile, ya mfalme... huenda si yakini sana."

"Ati?"

"Wazee husema mengi. Huenda palikuwa mahali pa... pa kawaida."

Ndirangu alicheka, akampiga begani kwa upole. "Aki mzee, wewe ni mnyenyekevu sana." Akaitoa simu, akaibonyeza, akaiinua juu ili kila mtu asikie. Na sauti ya Bwana Madi ikatoka pale, nzito, ya khatibu: *Wallahi. Babangu amenambia. Naapa kwa Mola aliyeniumba.*

Mzee mmoja alisema "Astaghfirullah" chini kwa chini, na haikujulikana anamwombea nani.

"Si ni wewe, mzee?"

Bi Hindu alifumba mato. Sema, Madi. Sema sasa.

"Ni mimi," akasema Bwana Madi.

"Na ni kweli?"

"Ndiyo maneno yangu."

Ndirangu alifurahi, akaahidi kwamba patahitajiwa mlinzi, mtu wa hapa hapa, mwenye mshahara, na kwamba yeye binafsi anamfikiria mzee. Bwana Madi alilishika neno hilo akarudi nalo nyumbani. Usiku alimweleza mkewe habari za mshahara. Bi Hindu alimpa mgongo. Kazi ile, ilipotoka, alipewa Taufiq, kijana wa mtaa wa pili, kwa sababu alimaliza kidato cha nne na ana cheti. Bwana Madi alipewa fulana ya mradi, nyeupe, imeandikwa JANA YETU kifuani, nayo ilikuwa ya mtu mnene. Ilimfika karibu na magoti.

Tumbaku ilifyekwa siku mbili kabla ya uzinduzi. Waliofyeka ni vijana wa pale pale Pate. Walilipwa, na hatuwezi kuwalaumu, kila mtu ana tumbo lake. Walimkwepa Bi Hindu mato. Alisimama mlangoni pa shamba, buibui lake likipepea, akiwaangalia wakipiga panga karibu na ardhi, shina baada ya shina, na majani mapana yakilala chini yakiwa bado mabichi. Aliomba ayachukue. Wakamwambia yachukue, mama. Akayabeba kichwani, mafungu kwa mafungu, akayaanika. Lakini jani lisilokomaa halina kitu ndani. Lilikauka likawa la kijani hivi hivi, ukilisaga linanuka nyasi, na mnunuzi wa Amu alilinusa mara moja akalirudisha kwenye gunia.

Siku ya uzinduzi paliwekwa turubai na viti vya plastiki. Mheshimiwa alikuja na boti mbili, na watu wengi wa suti. Kiti chake, kikubwa, chenye kitambaa cheupe, kilipangwa pale pembeni, juu ya lile duara kabisa, ili picha itoke vizuri. Mbele yake palikuwa na kibao kilichofunikwa. Bwana Madi aliwekwa mstari wa mbele na fulana yake ndefu. Alifunga saumu siku ile, na jana yake, na juzi yake. Hakumwambia mkewe kwa nini, na mkewe hakumuuliza.

Kibao kikafunuliwa: HAPA NDIPO MFALME ALIPOPOKEA WAGENI WAKE. Makofi. Kisha msemaji akasema wangependa kusikia neno moja kutoka kwa kina mama wa familia, maana historia bila kina mama si historia. Akatafuta kwa mato, akamwona Bi Hindu nyuma, akamletea kipaza sauti.

Hakutarajia. Na hebu tuseme ukweli, angeweza kusema ahsante, akarudisha kile chuma, mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameshika adabu yake miezi mizima na haikumpa hata chupa ya mafuta. Alimtazama mumewe ndani ya fulana ya mtu mwingine. Akamtazama mheshimiwa.

"Mimi nina moja tu," akasema. "Bwana mheshimiwa, hapo ulipokaa palikuwa choo."

Turubai lilisikika likipigwa na upepo.

"Choo cha kwa babu zake mume wangu. Hilo bakuli ni la kustanjia. Mfalme hakuwapo hapa hata siku moya. Mume wangu alimwonea haya mgeni, na mimi nikamwonea haya mume wangu, sasa mumetufyekea shamba letu kwa sababu ya haya. Turudishieni, tulime."

Bwana Madi aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa maandishi ya fulana.

Aliyeanza kucheka alikuwa mheshimiwa mwenyewe. Alicheka kwa nguvu, tumbo likatikisika, akaipigapiga mikono ya kiti. "Hata wafalme walienda choo!" akasema. Basi hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wa suti walicheka, msemaji akacheka, na Ndirangu akacheka akitikisa kichwa kwa mapenzi. "Kina mama wa Pate kwa mzaha, hamuwawezi!" msemaji akasema alipokirudisha kipaza sauti. "Tumpigie makofi!" Wakampigia. Majirani nao wakapiga, hao hao waliojua, kwa sababu watu wakipiga makofi utafanya nini na mikono yako? Mtu akamtia Bi Hindu chupa ya maji mkononi. Ilikuwa baridi sana.

Waliporudi nyumbani, Bwana Madi aliivua ile fulana akaikunja vizuri.

"Umenivunja mbele ya watu," akasema.

"Nimechelewa," akasema Bi Hindu. "Ilikuwa nikuvunje siku ya kwanza."

Hawakusemezana tena kwa muda. Chakula aliweka, nguo alifua, lakini maneno yalipita kwa Hayat: mwambie babako mai yako tayari, mwambie mamako sitaki mai. Maisha yakawa ya kuungaunga. Bi Hindu alishika kazi ya kusuka makuti ya watu. Bwana Madi, ambaye hakuwahi kushika jembe la mwenziwe, alikwenda kupalilia katika mashamba ya jirani, humo humo ndani ya magofu, goti likimuuma, na jioni akarudi na kibaba cha unga au samaki wawili wadogo. Majirani walimpa kazi kwa huruma. Wengine walimpa na neno juu yake: "Karibu, Bwana mfalme." Alikuwa akicheka pamoja nao.

Waya ulibaki, na geti lenye kufuli, na Taufiq kwenye kiti cha plastiki akichezea simu. Wageni kutoka kila kona hawakuonekana. Ila mle ndani, kwenye visiki vilivyofyekwa, mvua ya kwanza ilipopiga, tumbaku ilichipua. Hakuna aliyeitia maji wala kuigusa. Ilichipua yenyewe, majani membamba ya kijani kibichi, hasa pale karibu na kibao.

Bi Hindu aliyaona asubuhi moja, akiwa amekaa na makuti yake chini ya ukuta wa nje. Mumewe naye aliyaona; alikuwa amesimama getini, vidole vimeshika waya.

"Taufiq, mwanangu," Bwana Madi alikuwa akisema. "Nifungulie kidogo tu. Niyapunguze yale machipukizi. Yakiatwa hivyo yatasongana, hayatakuwa na faida kwa mtu."

"Haifai, Bwana Madi. Nimekatazwa."

"Si ya kuuza. Ni ya kutafuna tu."

"Wakisikia watanifuta. Wallahi ningekuwa na uwezo..."

"Usiape," Bwana Madi akamkata haraka. "Basi, yaate."

Hapo ndipo sauti za watoto zikasikika kwenye ndia. Ilikuwa darasa la sita, wawili wawili, na vitabu vyao mikononi, na Mwalimu Cherotich mbele na kofia yake pana. Hayat alikuwa katikati ya mstari. Alimwona babake getini, akamwona mamake ukutani, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Taufiq alifungua geti, akawakaribisha, akakohoa. "Hapa," akasema, "ndipo mfalme alipo... imeandikwa pale, mwalimu."

"Tumesoma kibao, ndugu. Tulitaka maelezo. Wanafunzi wana insha: Jana ya Kwetu."

Taufiq alijikuna shingo. Akageuka. "Bwana Madi, ndoo hapa. Hadithi hii si yako?"

Bi Hindu aliliacha kuti. Alimwona mumewe akilitazama geti lililo wazi. Alijua anachokitaka mle ndani, na alijua bei yake. Usiingie, alimwambia moyoni. Geuka, twende.

Bwana Madi aliingia.

Alitembea polepole kati ya visiki, akavikwepa kimoja kimoja kama mtu anayepita kwa waliolala. Alipofika kwenye pembe alianza. Maneno yalimtoka yale yale, mfalme yuwakaa hapa, wajumbe wamekaa kule, marashi kwenye bakuli. Lakini ile sauti ya khatibu haikuwapo. Alisema kama mtoto anayesomeshwa. Na mkono wake, bila ya yeye kujua, ulikwenda chini, ukashika chipukizi, ukalivunja lile jani la tini kabisa kama ulivyozoea miaka yote.

"Mzee, tafadhali," akasema Mwalimu Cherotich kwa heshima. "Tumewaambia watoto wasiguse kitu. Tukiwavunjia sheria sisi wakubwa..."

"Samahani, mwalimu." Akaliweka lile jani juu ya kisiki, taratibu. Watoto wawili watatu wakacheka.

"Kuna swali?" Mwalimu akauliza.

Mtoto wa polisi mmoja, Ryan, akainua mkono. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo king."

Bi Hindu alisimama. Makuti yalimwanguka mapajani. Swali lilelile, alilomuuliza siku ya kwanza mlango ulipofungwa, siku waliyocheka.

Bwana Madi alilitazama bakuli. Akawatazama watoto, mstari mzima, kalamu tayari, na Hayat nyuma yao ameinamia kitabu chake na hajainua uso. Watu wa Pate wana majina ya wafalme wao, hata mlevi anayajua matatu. Angeweza kulitaja lolote. Labda aliona haya kuwasingizia. Labda hakukuwa na jina jingine mle ndani isipokuwa lile moja lililokuwa likiitwa kila siku, asubuhi na jioni, na kila mtu wa mui ule wa Pate.

"Abubakr," akasema.

"Andikeni," akasema Mwalimu Cherotich. "Mfalme Abubakr. Na herufi kubwa."

Kalamu zikakwaruza. Ya Hayat haikusogea. Mwalimu akapita nyuma yake, akamgusa bega. "Hayat Madi Abubakr, hata jina lako linafanana na lake! Andika, mwanangu. Litakuja kwenye mtihani."

Hayat akaandika.

Walitoka wawili wawili kama walivyoingia. Hayat alipompita mamake alikikumbatia kitabu kifuani, maandishi kwa ndani. Bwana Madi alitoka wa mwisho. Taufiq alimpigapiga begani, akalirudisha geti, akabana kufuli.

"Ahsante, Bwana Madi. Wakija wengine nitakwita."

"Haya."

Alisimama pale nje ya waya, mikono mitupu, hajui ashike ndia ipi. Bi Hindu aliyakusanya makuti yake, akajitwika, akamwendea. Tangu siku ya uzinduzi hakuwa amemwambia neno mdomo kwa mdomo.

"Twende nyumbani, mwana wa mfalme," akamwambia. Hakucheka. "Umebaki muhogo wa yana."